Anayeogopa virusi vya kiwavi na aache kula kisamvu

Juzi kwenye matanga huko Marafa, Magarini, katika Kaunti ya Kilifi, mhubiri alisimama kuwafariji wafiwa akaishia kuhubiri kilimo. Alisema wataalamu wanataka kupulizia virusi kwenye mahindi ili kuua viwavijeshi, kwamba virusi ni virusi, tulishaviona wakati wa Korona, na atakayekula sima ya mahindi hayo aitayarishe sanda yake. Watu wakaitikia amina. Walioitikia kwa sauti kubwa zaidi ni wakulima ambao mahindi yao yameliwa mpaka moyo wa mmea. Niliondoka na hasira ambayo haijaniisha.

Uoga huu nimeusikia kila mahali, misikitini, makanisani, kwenye matatu, na ni uoga wa watu wasiotazama sahani zao. Nenda shamba lolote la muhogo kuanzia Garashi hadi Fundissa. Utaona majani yamekunjamana na kujaa mabaka ya manjano. Hayo ni batobato, na batobato ni virusi. Mjerumani Warburg aliuandika ugonjwa huu mwaka 1894, akiwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wazee wetu wamechuma kisamvu hicho, wakakitwanga, wakakipika kwa tui la nazi, wakala na wakazeeka. Nani aliota mabaka ya manjano? Kideri nacho ni virusi. Kinafagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Nani amezikwa Magarini kwa kideri?

Kila virusi vina mwenyeji wavyo. Vya muhogo hukaa kwenye muhogo, na hivi vya viwavi, ambavyo wataalamu huviita bakulovirusi, hukaa kwa wadudu. Aina nyingi hazimudu hata kiwavi wa jamii nyingine. Vimefungwa ndani ya kibonge cha protini ambacho huyeyuka kwenye utumbo wa kiwavi, ulio mkali kama magadi. Tumbo la binadamu ni la tindikali, na chembe zetu hazivipi nafasi ya kuzaana. Kiwavi akila jani lenye virusi, huacha kula, hupanda juu ya mmea, hufia hapo akining'inia na kuvuja majimaji, na majimaji hayo huwaambukiza wenzake.

Hayo hayakuanzia maabara. Milipuko ya viwavijeshi wetu wa asili mara nyingi huishia hivyo, wakifa kwa maelfu kwa virusi vyao wenyewe. Wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walivichukua virusi hivyo wakavijaribu mashambani. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walipima kabeji zilizokuwa zikiuzwa sokoni wakakuta zina virusi vya viwavi. Watu walikuwa wakila kabeji hizo miaka yote. Tayari tunavila. Nitalirudia mpaka lisikike: tayari tunavila, kama tulavyo kisamvu cha batobato.

Palepale matangani mzee mmoja aliniuliza: je, kuku akimla kiwavi mgonjwa, nasi tukamla kuku? Baba, ndege wanawala viwavi hao tangu dunia iumbwe. Virusi hupita tumboni mwao na kutoka na kinyesi, na hivyo ndivyo vinavyofika mashamba ya mbali. Kama kungekuwa na madhara, Sabaki yote isingekuwa na shomoro hata mmoja.

Wengine hujiona wajanja: tuachane na virusi, tusubiri mbegu ya GMO. Kwanza, mbegu yenyewe iko wapi? Baraza la Mawaziri la Kenya liliondoa marufuku ya miaka kumi ya mazao hayo Oktoba 2022, na tangu hapo mahindi hayo yamekuwa ya mahakamani. Pili, kiwavi hujifunza. Afrika Kusini walipanda mahindi ya GMO yenye sumu ya bakteria ndani yake, na haikupita miaka kumi bungua wakaonekana wakiyala bila kudhurika. Kule Puerto Rico, kiwavijeshi vamizi, huyuhuyu aliyetuingilia Kenya mwaka 2017, alilishinda hindi la namna hiyo kufikia 2006. India, funza mwekundu wa pamba akafanya vivyo hivyo. Virusi huua kwa njia nyingine kabisa, kwa hiyo kiwavi aliyezoea sumu ya mbegu hajapata kinga yoyote dhidi yavyo. Brazil walivipulizia kwenye zaidi ya hekta milioni moja za soya, na soya hiyo dunia inaila. Samoa walivitumia vya aina nyingine tangu 1967 kuokoa minazi yao dhidi ya mbawakawa. Sisi wa Kilifi, watu wa mnazi, ndio tunaoitikia amina!

Na kinachoua watu hapa hakihubiriwi. Kijana anabeba pampu mgongoni, miguu mitupu, bila barakoa, anapulizia dawa aliyopimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi ya maelezo. Mtungi ukiisha dawa unachotewa maji ya kunywa. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilipiga marufuku bidhaa 50 za dawa za mashambani kwa kuwa ni hatari. Mhubiri yuko kimya.  Nguvu zake zote ni za kiwavi.

Kaunti ya Kilifi na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa waweke mashamba ya mfano Marafa, Adu na Gongoni, wakulima wajionee kwa macho. Maafisa wa kilimo wafundishe kwamba dawa hii ya virusi hupuliziwa jioni, kwa maana jua huiua, na hupuliziwa viwavi wakiwa wadogo, kwa maana huchukua siku kadhaa kuwamaliza. Maduka ya dawa yapate mahali pa baridi pa kuihifadhi. Viwavi hawangoji kesi iamuliwe wala mahubiri yaishe. Mvua za masika zikianguka watakuwa shambani, na dawa iwe imeshafika dukani.