Tusingoje ndugu augue ndipo tutoe damu





Mwaka 2019 mke wangu alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mimi na shemeji zangu tulikunja mikono ya mashati, tayari kutoa damu papo hapo. Muuguzi akatueleza kuwa damu yetu lazima kwanza ipimwe Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na mzazi yule hakuwa na muda wa kungoja. Kilichomwokoa ni chupa mbili zilizokuwamo tayari ndani ya jokofu, damu ya watu tusiowajua hadi leo.

Tangu hapo nimejiandikisha kuchangia damu kwa hiari. Mwanamume mwenye afya njema anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke miezi minne, mradi awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50.

Wapo wanaosema, "Nitatoa siku ndugu yangu akiugua." Ndugu zangu, siku hiyo huwa mtu amekwisha chelewa. Tena damu haikai miaka. Baada ya wiki chache huharibika, na jokofu hutaka kujazwa upya.

Tujiandikishe sasa tukiwa wazima. Anayetoa leo huenda anamwekea mwanawe.

Mchangiaji wa hiari,
Morogoro.