Macho Nayo Husikia

Katika vitabu vingi vya biolojia mwanafunzi hufundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu, na kila mlango hupewa sura yake: jicho hapa, sikio pale, na mchoro wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Mchoro huo si wa uongo. Lakini mafundisho yanayoishia hapo yana kasoro kubwa, kwani humwacha mwanafunzi akidhani kuwa habari za macho na habari za masikio hazikutani.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili nchini Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walieleza jaribio linalostahili kuwamo katika kila muhtasari wa masomo. Waliwaonyesha watu filamu ya mwanamke akitamka "ga-ga", lakini sauti iliyounganishwa nayo ilikuwa "ba-ba". Watu wazima walio wengi hawakusikia hili wala lile, walisikia "da-da". Kwa Mswahili jambo hili lina mzaha wake: baba ameingia sikioni akageuka dada! Waliposikiliza bila kutazama, baba alirudi. Sauti haikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni uamuzi wa ubongo. Majaribio ya baadaye yameonyesha kuwa watu hutofautiana, na baadhi yao hawadanganyiki.

Je, ubongo hufuata macho daima? La. Mwaka 2004 David Alais na David Burr waliwataka watu wakadirie mahali palipotokea mwanga na mlio. Mwanga ulipokuwa dhahiri, mlio ulidhaniwa kutoka kwenye mwanga. Mwanga ulipofifishwa hata kingo zake zisitambulike, sikio ndilo lililotawala. Na hali ilipokuwa ya kati na kati, makadirio ya kutumia vyote viwili yalikuwa sahihi zaidi kuliko ya kutumia kimoja. Ubongo, basi, ni kama hakimu mwenye mashahidi wawili, ambaye humpa uzito zaidi yule mwenye ushahidi ulio wazi kwa wakati ule.

Jambo hili linamhusu mwalimu mwenyewe kabla ya kumhusu mwanafunzi. Tangu mwaka 1954 Sumby na Pollack, huko Marekani, walikwisha onyesha kuwa kadiri kelele inavyozidi, ndivyo kuona midomo ya msemaji kunavyozidi kumsaidia msikilizaji. Sasa na afikiriwe mwalimu anayesomesha huku ameuelekea ubao, mvua ikipiga juu ya bati, na darasa limejaa hadi mlangoni. Anamnyima mwanafunzi wa nyuma shahidi wa pili saa ile ile shahidi wa kwanza anapopotewa na maneno. Mwanafunzi akiandika upuuzi daftarini, huitwa mzembe; na yule mwenye upungufu wa kusikia huitwa mjinga. Lawama hizo aghalabu si za haki.

Jaribio la kuthibitisha haya halihitaji maabara. Sauti za m na n huchanganyika upesi sikioni, lakini machoni hutofautiana, kwa kuwa m hufunga midomo. Mwalimu na afunike kinywa kwa kitabu, darasa likinong'ona, atamke "meno" na "neno" mara ishirini kwa kuchanganya, wanafunzi wakiandika. Kisha aondoe kitabu, arudie, na makosa ya orodha zote mbili yahesabiwe ubaoni.