Baiskeli ya mgeni na baiskeli ya jirani



Wakazi wa Longido na Ngaramtoni wamezoea kuwaona Wazungu wenye kofia ngumu na suruali za kubana wakija kwa baiskeli kutoka Namanga. Wengi huwa wa Tour d'Afrique, safari iliyoanzishwa mwaka 2003, inayotoka Cairo hadi Cape Town, takribani kilomita 12,000 kwa miezi minne hivi. Wengine huwa na safari fupi ya siku chache, Nairobi hadi Arusha, na kwao kipande cha Namanga ndicho siku ya mwisho.

Siku hiyo si nyepesi. Ni zaidi ya kilomita 100, na nyingi ni za jua na upepo wa Longido. Mlima Meru unaonekana tangu mbali, lakini unapiga pedali saa nzima na bado uko palepale. Karibu na Oldonyo Sambu barabara inapanda, wakati miguu imeshachoka. Kisha ghafla hewa inabadilika: baridi, migomba, mahindi, Ngaramtoni, Sakina, na mji.

Nyuma yao wameuacha mpaka ambao mstari wake ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukawaacha Wamasai nusu huku na nusu kule. Wazee wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Leo Namanga kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018. Mgeni anagongewa pasipoti, anapanda baiskeli, anaendelea. Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Na tunawapokea vizuri. Watoto wanakimbilia barabarani kupunga mikono. Dereva wa Noah, ambaye kwa kawaida hana subira hata na punda, anapunguza mwendo, anawapita kwa mbali, pengine anatoa mkono dirishani kuwasalimu.

Lakini barabara hiyohiyo ina baiskeli nyingine. Kijana amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe unaomzidi upana. Mwingine ana madumu ya maziwa kutoka miteremko ya Meru, mwingine gunia la mkaa, mwingine mikungu ya ndizi ya kupeleka soko la Kilombero. Breki yake ni soli ya kandambili. Huyu hana siku ya mwisho ya safari. Kesho saa kumi na moja alfajiri ataanza upya. Yeye hapungiwi mkono. Anapigiwa honi, na honi hiyo maana yake ni moja: toka. Anashuka kwenye lami iliyomeguka ukingoni, mzigo unayumba, na gari linapita kwa kasi. Kwenye kioo cha gari hilo mara nyingi inaning'inia rozari.

Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anawakemea Wakristo wanaompa kiti cha mbele mwenye pete ya dhahabu, huku maskini akiambiwa asimame pale. Tumezoea kusikia somo hilo tukifikiria mabenchi ya kanisani. Nadhani lingesomwa pia kituo cha mabasi.

Mwaka 2007 Vatican ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za dereva. Ya kwanza ni kutoua. Nyingine inamtaka dereva amlinde aliye dhaifu zaidi barabarani. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema kuwa anayehatarisha maisha ya wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Hata hivyo, tunapojiandaa kwa kitubio, Amri ya Tano huwa tunaipita haraka: sijaua mtu, naendelea na ya Sita.

Tusisahau pia kwamba imani katika vigango vyetu vingi ilifikishwa na katekista juu ya baiskeli, mara nyingine ya kuazima, akiwa na kitabu cha nyimbo kwenye mfuko wa plastiki ili kisilowe.

Simlaumu mgeni wa Cairo. Amechoka, anastahili chai na pole. Ninachoomba ni kwamba upana tunaomwachia barabarani tumwachie pia mwenye majani ya ng'ombe, na wahubiri tuliseme hilo mimbarini bila kungoja Wiki ya Nenda kwa Usalama. Halmashauri za parokia nazo zina la kufanya. Viwanja vingi vya kanisa vimetenga kivuli cha magari. Baiskeli zimeegemezwa uzioni, nyuma ya choo, na wenyewe wanaingia misani wakiwa na wasiwasi kama watazikuta.