Nani Atahesabu Mabati?



Jumamosi hii wazazi tunakutana kuchagua Kamati mpya ya Shule. Tangazo limebandikwa hapa wiki ya pili sasa, lakini watu wakisimama mbele ya ubao huu wanasoma bei ya korosho peke yake, halafu haooo, wamekwenda zao. Basi safari hii tahariri tumeibandika juu, bei tumeishusha chini. Anayetaka bei ainame.

Kuna maneno yanazunguka kijijini, kisimani, kwenye baraza la kahawa na hata kwenye foleni ya mizani. Ati fulani na fulani wanataka kuingia Kamati ya Shule siyo kwa ajili ya watoto, bali wanautazama uchaguzi wa mwaka 2029. Wanataka wazoeleke majina, waonekane wakishika kamba ya kupimia msingi, halafu siku ikifika waje kutuomba kura. Wengine wameshafika mbali, wanasema Jumamosi tupitishe azimio: kila atakayeingia Kamati ya Shule atamke mbele ya watu kwamba hatagombea kitongoji, wala kijiji, wala udiwani. Wazo hili lina wafuasi wengi na wengine ni watu tunaowaheshimu sana. Sisi wa ubao huu hatuliungi mkono, na ni haki yenu kujua sababu.

Tuanze na lililo jepesi. Uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, na kabla ya huo ulikuwa wa 24 Novemba 2019. Anayegombea alitakiwa awe ametimiza miaka 21, awe mkazi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama cha siasa. Kuitumikia shule siyo dhambi ya kumzuia mtu. Na tujiulize, kijijini mtu anajifunzia wapi uongozi? Hatuna chuo. Anajifunza kuendesha kikao kwa kukaa kwenye vikao, na anajifunza hesabu za watu kwa kushika daftari la watu. Iwe Kamati ya Shule, iwe kamati ya maji, iwe bodi ya chama chetu hiki. Tukiwafungia nje wote wenye nia ya kugombea, mwaka 2029 tutaletewa mtu ambaye hajawahi kushika hata daftari la mahudhurio, naye atajifunzia kazi kwenye fedha za kijiji.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Mimi ninayeandika mistari hii nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Shule siku za MMEM. Mpango ule ulianza mwaka 2002. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakafurika, darasa moja wakakaa mpaka dirishani. Fedha za kujenga madarasa zikaja mpaka kwenye kamati zenyewe za shule, nasi tukafungua akaunti benki na kujiona wakubwa. Tofali tulifyatua wenyewe. Mchanga na maji walibeba akina mama, kila kitongoji siku yake. Mwaka 2004 ukuta ukafika kwenye lenta, tukaagiza mabati mjini.

Risiti iliandikwa geji 28. Yaliyoshuka kwenye lori yalikuwa geji 32. Vijana ambao hawajajenga wajue kwamba kwenye mabati namba ikiwa kubwa zaidi, bati ni jembamba zaidi. Fundi wetu aligusa moja akasema, "Jamani, mbona hili linapinda kwa kidole?" Tukamwambia anyamaze, dereva ana haraka na jua linazama. Karatasi ya kupokelea ikaletwa, nikasaini. Hata idadi sikuhesabu. Niliyahesabu kwa macho, kama mtu anavyohesabu kundi la njiwa.

Msimu wa pili wa mvua upepo ulikuja usiku ukalipeleka paa lile shambani. Watoto walisoma chini ya mkorosho muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Aliyetuuzia simtaji, na kumtaja sasa hakutarudisha bati hata moja. Saini ilikuwa yangu.

Mnaotaka kuwazuia wagombea, sikilizeni hapa. Mwenyekiti wetu wa kamati wakati ule hakuwa na tamaa ya cheo chochote, na mpaka anaingia kaburini hakugombea hata ubalozi wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mwema, mpole, hagombani na mtu. Mabati yalipita mbele ya macho yake naye akasema "Alhamdulillahi, yamefika." Katika kamati ile ile alikuwemo mmoja aliyeutaka uenyekiti wa kitongoji kwa nguvu zote, na alikuwa haufichi. Huyo ndiye tulipoagiza mabati ya pili alipanda juu ya lori na kalamu sikioni, akayahesabu moja moja, akakuta yamepungua matatu, akakataa kusaini mpaka yakaletwa. Alijua kwamba akiomba kura ataulizwa paa. Tulimcheka, tukasema anajionyesha. Ndiyo, alikuwa anajionyesha. Na paa lile bado lipo, mvua ikinyesha piteni mkaangalie.

Kwa hiyo kutogombea kwa mtu hakutuhakikishii kitu.

Lakini tusidanganyane upande wa pili pia. Tamaa ya kura ina madhara yake, na tumeyaona. Mjumbe mwenye haraka ya kura hupenda kazi inayoonekana barabarani. Atapaka rangi ukuta wa mbele, wakati choo cha wasichana kule nyuma kimejaa, maana choo hakipigiwi makofi. Ataleta mpira mmoja kwa fedha za shule halafu aukabidhi kwa mkono wake kama vile ametoa mfukoni. Atatoa watoto darasani wamwimbie mgeni wa chama chake. Na baya kuliko yote, ataahirisha kusoma mapato na matumizi "mpaka uchaguzi upite, tusiwachanganye wananchi." Huyo tumwogope, naye hakai chama kimoja.

Halafu kuna suala la kofia mbili. Mtu akishachaguliwa mwenyekiti wa kijiji, yeye ndiye anayeongoza Mkutano Mkuu wa Kijiji. Akibaki pia mwenyekiti wa Kamati ya Shule, siku wananchi wakihoji fedha za shule, anayehojiwa na anayeongoza mkutano ni yule yule mmoja. Atamnyoosha nani kidole? Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliambiwa achague kati ya kufundisha pale Pugu na kazi ya TANU. Akachagua, akaacha ualimu. Najua mfano huu una kasoro, maana yeye alibanwa, hapa hatumbani mtu. Lakini hakubaki mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Tunachopendekeza badala ya kile kiapo ni hiki. Mjumbe anayetaka kugombea agombee, ni haki yake. Ila kabla hajachukua fomu, asimame mbele ya mkutano wa wazazi na kamati isome hesabu zote mpaka siku hiyo, yeye akiwepo, na ajibu maswali. Tangu achukue fomu mpaka matokeo yatoke, asiguse fedha wala kusaini mapokezi ya vifaa. Akishindwa, arudi kazini kwake kwenye kamati, bila kuchekwa. Akishinda, atuachie kiti cha shule tuchague mwingine. Hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa Jumamosi, na yamhusu kila mtu, wa chama chochote.

Wapo watakaosema: fedha gani za kusumbuana hivyo, siku hizi elimu ni bila malipo. Hebu tupige hesabu pamoja. Katika utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo za kuja shuleni. Chukua shule yenye watoto 400. Ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima, yaani laki mbili kwa mwezi, yaani shilingi 500 kwa mtoto. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na dawati lililolegea. Sare, madaftari na kalamu vilibaki kwa mzazi. Sasa mwenye 500 akipoteza 100 kapoteza nyingi kuliko mwenye elfu hamsini. Fedha zikiwa chache ndiyo macho yanatakiwa kuwa mengi.

Hapa ndipo tunapotushangaa sisi wenyewe. Kwenye mizani ya korosho hakuna mtu kijiji hiki anayemwambia karani "nakuamini bwana, andika tu." Kila mmoja anasogea mpaka pua inagusa mizani. Anasoma kilo zake mwenyewe, anazirudia kwa sauti, na stakabadhi yake anaikunja mara nne anaiweka kifuani. Kilo moja ikipotea kijiji kizima kinajua kabla ya magharibi. Lakini mapato na matumizi ya shule yanasomwa mbele ya watu kumi na wawili, nusu yao wanasinzia, halafu anatokea mtu anasema "Tumeridhika, tufunge mkutano." Mmeridhika na nini?

Neno kuhusu akina mama. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Kwenye Kamati ya Shule tumezoea kumweka mama mmoja "wa kutusaidia chakula cha wageni." Waliobeba mchanga wa lile darasa ndio wanaojua ndoo ngapi ziliingia. Tunataka kusikia majina yao yakipendekezwa, na wakishapendekezwa wasikatae kwa aibu. Waume zao nao wasiwajibie.

Na vijana, mnaolalamika kwamba vyeo vyote wanashika wazee: mwaka 2024 wengi wenu mlidhani kadi ya mpiga kura inatosha, kumbe orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa ilikuwa na uandikishaji wake, siku kumi za mwezi Oktoba, nanyi siku hizo mlikuwa kwenye bonanza. Anayetaka uongozi aanze na hili la Jumamosi. Halina posho, tunawaambia mapema. Kuna vikao, kuna kutukanwa kidogo, na kuna kwenda mjini kufuata saruji kwa lori huku umekaa juu ya mifuko.

Mimi mwenyewe jina langu msilipendekeze. Nilishasaini vya kutosha.

Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi, darasa la tano, lile lenye paa la pili. Kamati inayomaliza muda wake imeombwa ije na daftari la mapato na matumizi, risiti zote, na hati za kupokelea vifaa. Mwenye mtoto shuleni na asiye na mtoto shuleni, wote mnakaribishwa. Madawati hayatatosha, kwa hiyo mwenye kigoda aje nacho.

Bei ya korosho iko hapo chini.