Picha Inayotaka Kujibiwa

Mwishoni mwa mwaka 1973 mchoraji kijana wa Katanga nchini Kongo, Tshibumba Kanda Matulu, alibisha hodi kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian mjini Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Biashara ile ilizaa kazi kubwa. Katika miezi iliyofuata Tshibumba alichora historia ya nchi yake tangu enzi za wafalme wa kale hadi utawala wa Mobutu, na Fabian akaichapisha mwaka 1996 katika kitabu chenye picha 101. Kila alipoleta fungu jipya la picha, mchoraji aliketi akazisimulia moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga, huku kinasa sauti kikizunguka. Mwenyewe alijitambulisha kuwa mwanahistoria. Namwamini.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya maonyesho ya sanaa inayosimulia magomvi ya jamii, na ninaanza na Tshibumba kwa sababu sijaona kazi inayotuuliza maswali magumu kuliko yake. Hakuchorea majumba ya sanaa. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akawauzia makarani, wachimba madini na wafanyakazi wa reli, nao wakazitundika picha zake sebuleni. Mgeni akiingia aliiona picha kabla hajaketi, na kabla chai haijapoa mazungumzo yalikuwa yameanza: nani alikuwapo siku ile, nani alimsaliti nani, baba wa nani hakurudi. Picha ilinunuliwa ili izungumzwe.

Chukua picha yake ya Koloni la Wabelgiji, aina iliyopendwa mno na wanunuzi. Mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi anamchapa kiboko, mzungu amesimama kando anatazama, bendera ya Ubelgiji inapepea. Mtu akiikuta Ulaya kwenye ukuta mweupe, yenye kibao cha mistari mitatu, ataondoka akidhani amejifunza habari za ukoloni. Aliyeitundika sebuleni mwake mwaka 1974 alikuwa na mambo mengine pia ya kutazama. Nje ya dirisha lake walikuwapo askari wa Mobutu. Bendera ilikuwa imebadilika, kiboko kilikuwapo, na hakuna ambaye angeweza kumshtaki kwa kuonyesha maovu ya Wabelgiji.

Au tazama alivyochora kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito, Januari 1961. Nyuma yao kuna misalaba mitatu, na damu ya Lumumba inaandika umoja ardhini. Tshibumba alieleza waziwazi kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi ile. Hiyo ni imani, tena iliyotamkwa karibu na mahali wauaji walipofanyia kazi yao, katika mji uliokuwa makao makuu ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe na ambamo wengi walimshangilia Tshombe huyo. Kuitundika picha ile nyumbani Lubumbashi kulikuwa ni kuchagua upande mbele ya majirani. Ipeleke mji wa mbali, na hatari hiyo yote inabaki nyuma.

Ndiyo maana nawadai waandaaji wa maonyesho jambo moja: picha ya ugomvi isitenganishwe na maneno yake wala na wenye ugomvi. Maneno ya Tshibumba yapo. Mazungumzo yale yalinukuliwa kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa, na leo yanasomeka kwenye intaneti. Picha nazo zilihifadhiwa Tropenmuseum mjini Amsterdam, jumba ambalo sasa linaitwa Wereldmuseum. Sioni sababu ya Mswahili kusimama mbele ya picha hizo asome maelezo kwa Kiholanzi na Kiingereza peke yake, ilhali mchoraji mwenyewe alikwisha kusema kila kitu kwa lugha tunayoielewa.

Liko na jambo zito zaidi. Maonyesho mengi ya kazi za namna hii huchagua picha ambazo adui wake yuko mbali: Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kiboko, askari waliowamiminia risasi wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma mjini Lubumbashi Desemba 1941, akauawa pia kiongozi wao Léonard Mpoyi. Picha hizo zina haki ya kuonekana. Lakini Tshibumba alichora pia vita vya Waluba na Walulua katika jimbo la Kasai, pamoja na damu iliyomwagika Katanga ilipojitenga mwaka 1960. Humo hakuna mgeni wa kubebeshwa lawama zote. Jirani amemshikia jirani panga, na watoto wa wote wawili wangali hai. Waandaaji wanaoziruka picha hizo husema hawataki kutonesha vidonda.

Siwakubalii. Miaka mingi baada ya Union Minière kuwaleta watu kutoka Kasai kufanya kazi migodini Katanga, na takriban miaka 30 baada ya ghasia za kujitenga, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa tena, mwaka 1992 na 1993. Familia zilirundikana katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na wengi walifia njiani au palepale wakingoja. Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa Katanga, kama Tshibumba mwenyewe, mtoto wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwenye wazazi wa Kasai. Wakati huo habari zake zilikuwa zimekwisha kupotea zaidi ya miaka kumi. Ukimya haukuponya chochote.

Kenya iliwahi kujaribu njia nyingine. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu kuwa ziliua watu 1,133, mpigapicha Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani. Kuanzia 2009 picha zao zilisimamishwa barabarani, Nairobi na katika miji mingine. Ni kazi ya kamera, si ya brashi, lakini ilifanya kile ambacho sebule za Lubumbashi zilifanya. Mchuuzi hakuhitaji mwaliko wala viatu vya kung'aa. Alisimama mbele ya maiti na nyumba zinazowaka, ubavuni mwake mtu wa kabila lile lililotajwa kuwa adui, wote wawili wakitazama kitu kimoja. Wako waliolia, wako waliobishana. Naamini ubishi ule ulikuwa sehemu ya maonyesho sawa na picha zenyewe.

Kwa hiyo tumewaomba waandishi wa toleo hili wasituletee sifa za rangi na mistari peke yake, bali waeleze nani alisimama mbele ya picha, alisema nini, na nani alimjibu. Baadhi yao hawakubaliani nami. Makala zao zimo, hazikupunguzwa. Na wewe msomaji uliyekuwa Likasi au Kolwezi miaka ile, upande wowote uliokuwa, ama uliyewahi kuwa na picha ya Tshibumba nyumbani kwenu, tuandikie. Kurasa nne za toleo lijalo tumeziacha wazi kwa barua hizo, na tutazichapa kwa Kiswahili chochote mtakachoziandikia.