Patashika Si Jina la Mauaji

Imeenea miongoni mwa watu, na magazeti yameitia nguvu, itikadi ya kwamba kila damu imwagikayo Kisumu majira ya siasa imemwagika katika patashika, au, kwa lugha ya taarifa za serikali, katika makabiliano baina ya polisi na raia. Itikadi hiyo ni batili, tena ina dhuluma ndani yake.

Patashika twaijua sisi wa Dunga, ufuko wa wavuvi hapa Kisumu. Wavuvi wawili wakigombea nyavu zilizonasana usiku, au uzito wa mbuta mbele ya mizani, hukamatana ukosi kwa ukosi, kila mmoja akihisi pumzi ya mwenziwe usoni, mpaka wazee wa ufuko waje wawaamue. Na aumizaye yu karibu kiasi cha kuumizwa yeye pia. Kukabiliana, vivyo hivyo, ni kuelekeana nyuso.

Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja Kisumu kuifungua hospitali ambayo watu hata leo huiita Russia, yeye na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, walitupiana maneno makali hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakaufyatulia risasi, na serikali yenyewe ikakiri vifo 11. Mawe yalirushwa, sikatai. Lakini baina ya jiwe na bunduki hapana mshikano. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ilidhihirisha kwamba wengi wa waliouawa kwa risasi Kisumu walipigwa kutoka nyuma: aliyegeuza mgongo akikimbia alimkabili nani? Na Agosti 2017, Nyalenda, kwa jirani zetu, mtoto wa miezi sita alipigwa kichwani ndani ya nyumba ya wazazi wake, akafa. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ukawabebesha polisi dhamana ya kifo hicho. Yule naye alikamata ukosi wa nani?

Wako wasemao kuwa hayo ni maneno tu. Hasha! Neno la kutendana huigawa lawama nusu kwa nusu kabla hakimu hajamsikiliza shahidi wa kwanza; humfanya muuaji na maiti kuwa wagomvi, na wagomvi, kwa ada yetu, husuluhishwa, hawahukumiwi. Basi mwandishi atakayefika mitaa yetu ya Kondele au Nyalenda na aandike nani alipiga, kwa silaha gani, kwa amri ya nani, na aliyepigwa alikuwa ameelekea wapi.