Mashini mupya: kabla ya kuionyesha sokoni, fundi aombe breve

Fundi wa Butembo anatengeneza mashini mupya ya kusaga muhogo. Anaionyesha sokoni, watu wanashangilia, video inazunguka mu WhatsApp. Hapo ndipo anaweza kupoteza haki yake: breve, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, inatolewa tu kwa kitu kipya, chenye watu hawajajua.

Congo iko na sheria ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982, na breve ya uvumbuzi inalinda kwa miaka 20. Ombi linapelekwa kwa minisitere ya viwanda, Kinshasa. Shida ni mbili. Ya kwanza, Kinshasa iko mbali na Kivu ama Ituri, na safari ni feza. Ya pili, breve ya Congo haivuki mupaka. Congo si memba wa OAPI wala ARIPO, wakati Uganda na Rwanda ziko ndani ya ARIPO. Mwenye kuiga mashini kule Kasese ama Gisenyi, karatasi ya Kinshasa haimufikie.

Njia ingine iko: kisha kuweka ombi la kwanza, Mapatano ya Paris yanamupa fundi miezi 12 ya kuomba ulinzi mu inchi zingine, bila kupoteza tarehe yake. Lakini ile tarehe inaanza na karatasi, haianze na sokoni.